Linaumwa Nini? Kabla Hujalinunulia Dawa Gari la Zamani

Jumamosi moja asubuhi, kwenye gereji ninayopeleka gari langu kule Keko, aliingia bwana mmoja wa Chang'ombe na Morris Minor aliyoirithi kwa baba yake. Rangi mpya, bampa zinang'aa, viti vimeshonwa upya. Mkononi alishika mfuko wa kaki wenye chupa nne: moja ya kushika nafasi ya risasi iliyotolewa kwenye petroli, moja ya kuongeza nguvu, moja ya kusafisha kabureta, na ya nne ambayo, kwa maandishi yake yenyewe, inaponya kila kitu. Akauliza, "Mzee, nianze na ipi?"

Fundi wangu ni mzee aliyeanza kushika spana enzi zile magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili alasiri ili nchi ibane matumizi ya mafuta. Alifuta mikono kwa tambara taratibu, akamtazama, akasema, "Linaumwa nini, mwanangu?"

Bwana yule akakosa jibu. Gari lake lilikuwa zima. Alikuwa amenunua dawa kwa hofu tu.

Namwelewa. Ukipita maduka ya spea kuanzia Tandika mpaka Mwenge utazikuta chupa hizi zimepangwa karibu na kaunta, na muuzaji atakuambia kwamba petroli ya siku hizi ni sumu kwa injini za kale. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, ila ni ukweli wa baadhi ya injini na baadhi ya safari. Asiyejua kama gari lake limo au halimo hununua chupa kila anapojaza tanki.

Tuanze na risasi yenyewe, maana ndiyo chanzo cha hofu yote. Desemba 1921 Thomas Midgley, mhandisi wa General Motors kule Marekani, aligundua kwamba kemikali yenye madini ya risasi, ikitiwa kidogo sana kwenye petroli, inazuia injini kugonga. Kugonga ni pale mchanganyiko wa petroli na hewa unapolipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Ukipanda mlima unasikia mlio kama wa mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Risasi ilinyamazisha mlio huo kwa bei nafuu, na dunia nzima ikaikubali, licha ya kwamba ubaya wake kwa mwili wa binadamu ulishajulikana tangu kale. Ikatoka kwenye ekzosi kwa miongo mingi, ikatua barabarani na uani, ikaingia kwenye damu ya watoto na kudhuru ubongo wao. Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar kuachana nayo, na ilipofika Januari 2006 ilikuwa imeondolewa katika ukanda huu, Tanzania ikiwemo. Algeria ndiyo iliyofunga ukurasa huo duniani, Julai 2021.

Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kuna sheli fulani Mbagala bado inauza "ile ya zamani". Haipo. Risasi iliyobaki ni ya mafuta ya ndege ndogo za injini za pistoni, yenye rangi ya buluu, na nimewahi kusikia watu wakinong'ona namna ya kuipata uwanjani. Usiifuate. Utakuwa unaivuta wewe, fundi wako na watoto wanaocheza nyuma ya gari.

Lakini risasi ilikuwa na kazi ya pili ambayo hakuna aliyeiagiza. Ilipoungua iliacha utando mwembamba juu ya siti za valvu. Siti, kwa asiyekaa gereji, ni ule mduara ndani ya silinda hedi ambao valvu huukalia inapofunga. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunga mara 1,500 kwa dakika hiyo hiyo, yaani mara 25 kwa sekunde. Valvu ya ekzosi ndiyo inayoteseka, kwa kuwa moto wote unapita shingoni mwake. Pasipo utando wa risasi, chuma chenye joto kali kinagusa chuma chenye joto kali. Vinashikana kidogo sana, kisha vinabanduka, na kila vinapobanduka chembe ya siti inang'oka. Taratibu siti inadidimia. Valvu nayo inazama ndani ya hedi, nafasi kwenye tapeti inapungua, na siku moja valvu inashindwa kufunga kabisa. Moto unapenya pembeni, valvu inaungua, gari linaanza kumisi na kupoteza nguvu.

Huu ndio ugonjwa wa kweli, na ni huu peke yake ambao ile chupa ya kwanza ya bwana wa Morris ilitengenezwa kuuzuia. Swali la kujiuliza ni kama gari lako linaweza kuupata.

Chukua sumaku. Ya spika mbovu inatosha. Futa grisi kwenye hedi, igusishe. Ikinata, hedi ni ya chuma cha kalibu, na huenda siti zimechongwa moja kwa moja kwenye chuma hicho laini. Isiponata, hedi ni ya aluminiamu, na unaweza kupunguza wasiwasi, kwa sababu aluminiamu haiwezi kuvumilia kupigwa na valvu. Kiwanda kililazimika kupachika siti za chuma kigumu zaidi tangu mwanzo. Kwa jaribio hilo dogo, magari mengi ya zamani yanayotembea Temeke na Kinondoni yanatoka kwenye orodha ya wagonjwa. Peugeot 404, ile iliyoshinda mbio za East African Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, ina hedi ya aluminiamu. Datsun 1200 pia, hata ile pikapu inayobeba nazi hadi leo. Corolla za injini ya 3K ziko hivyo, na Volkswagen ya mgongo wa duara nayo ni hivyo hivyo. Magari ya Kijapani yana nafuu nyingine ya ziada: Japani ilianza kuuza petroli ya kawaida isiyo na risasi mwaka 1975, kwa hiyo viwanda vyake vilijiandaa mapema kuliko vya Uingereza.

Wanaobaki ni wa hedi za chuma: Morris na Austin, Ford Anglia na Cortina za kwanza, Land Rover nyingi za petroli, Land Cruiser za zamani za silinda sita, na malori ya Bedford ya petroli kama bado unalo moja uani. Hata hapo usikimbilie kaunta. Uliza historia. Gari la miaka 50 limeshafumuliwa injini mara kadhaa, na yawezekana mwenye gari wa pili au wa tatu alishapachika siti ngumu akiwa anatengeneza kitu kingine. Stakabadhi zimepotea, lakini siti zipo. Fundi akifungua hedi kwa sababu yoyote, hata gasketi tu, mwambie akuoneshe: siti iliyopachikwa ina mstari mwembamba kuizunguka, kama pete iliyokaa kwenye kidole. Piga picha, uiweke. Utashangaa ni wamiliki wangapi wanaotia dawa kwa miaka kwenye injini iliyokwisha kutibiwa.

Jambo la pili ni namna unavyoendesha, na hapa wakazi wa Dar tuna bahati ambayo hatuioni. Siti zinadidimia injini inapofanya kazi nzito kwa muda mrefu, mizunguko ikiwa juu na mguu ukiwa umekanyaga. Gari linalotoka Tegeta saa kumi na mbili asubuhi na kusota kwenye foleni ya Bagamoyo Road linaumwa mambo mengine: linachemsha, linachafua plagi, linakula klachi. Siti zake haziteseki sana. Anayepaswa kujali ni yule anayetoka Mbagala Rangi Tatu, akaishika Barabara ya Kilwa mpaka Lindi bila kupumzisha mguu, au anayepanda Kitonga na Land Cruiser imejaa magunia. Ukilitoa gari Jumapili kwenda kanisani au kwenye harusi ya Mwananyamala, chupa hiyo huihitaji kwa lolote.

Kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi wote, na kinataka fila geji na saa moja ya subira. Siti ikididimia, nafasi ya tapeti ya ekzosi inapungua. Basi ipime. Kwa Morris Minor nafasi sahihi injini ikiwa baridi ni inchi 0.012, kama milimita 0.3. Gari lako litakuwa na yake kwenye kitabu. Rekebisha zote, andika tarehe na kilomita kwenye daftari, kisha rudi baada ya kilomita 1,000 au 1,500 bila kugusa chochote, upime tena. Zikiwa zilezile, huna ugonjwa. Zikiwa zimeongezeka kidogo, huo ni uchakavu wa kawaida wa vyuma vya juu. Zikiwa zimepungua, na zilizopungua ni za ekzosi, siti zinakwenda. Wazee wa injini ya Morris wanajua hesabu ya tisa: valvu namba 8 ikiwa imefunguka mwisho, unapima namba 1, ikifunguka namba 6, unapima namba 3, jumla iwe tisa daima. Za ekzosi ni 1, 4, 5 na 8. Kijana wa gereji asiyeijua hesabu hiyo atazungusha injini mchana kutwa.

Daftari hilo lina thamani kuliko maneno ya muuzaji yeyote. Mimi langu lina mafuta ya oili kila ukurasa na sidhani kama nitalibadilisha.

Tuseme sasa umepima na kipimo kimesema ndiyo. Hedi ni ya chuma, siti ni za asili, tapeti zinabana, na wiki ijayo una safari. Hapo chupa ya kushika nafasi ya risasi ina kazi. Zinazofanya kazi hutengenezwa kwa potasiamu, sodiamu, fosforasi au manganizi, na kila moja inaacha utando wake juu ya siti badala ya ule wa risasi. Si zote zilizo sokoni zinatimiza ahadi. Uingereza, shirikisho la vilabu vya magari ya kale, FBHVC, liliwahi kuzipima kwenye injini, baadhi zikafaulu na nyingine zikashindwa, na zilizofaulu zikaruhusiwa kuandika hivyo kwenye chupa. Lebo isiyotaja hata kemikali iliyomo, yenye picha ya gari la mashindano na moto nyuma yake, irudishe rafuni.

Matumizi nayo yana adabu yake. Chagua aina moja ubaki nayo; usichanganye ya potasiamu leo na ya manganizi kesho, kwa kuwa hazikutengenezwa kuishi tanki moja. Pima kwa bomba la sindano kutoka duka la dawa, maana kifuniko cha chupa hakimfai mtu mwenye tanki la lita 30 na chupa ya kutibu lita 50. Tia dawa kwanza, petroli ifuate, ili ijichanganye yenyewe. Na usizidishe. Kuna mtu wa Yombo aliyetia mara tatu ya kipimo akidhani analinda zaidi. Plagi zilipakwa utando mpaka gari likagoma kuwaka, akalazimika kununua plagi mpya nne. Dozi ni dozi, hata ya injini.

Lakini kama unaitumia Land Rover yako kila siku kwa mizigo, naomba tufanye hesabu nyingine. Chupa kila tanki, mwaka baada ya mwaka, kwa hesabu yangu itaipita gharama ya kuitibu hedi mara moja. Tiba ni kuipeleka kwa wachongaji, na Dar hatuna upungufu wao. Gerezani peke yake imejaa karakana zenye mashine za kazi hii. Wanachonga siti za zamani na kupachika pete za chuma kigumu. Mwambie fundi mambo matatu waziwazi kabla hujaacha hedi. Unataka siti ngumu za ekzosi. Za kuingizia hewa hazina haja kama hazijachoka, na usikubali kulipia nane wakati unahitaji nne. Valvu na gaidi zake zikaguliwe siku hiyo hiyo, kwani siti mpya chini ya valvu inayoyumba ni pesa iliyotupwa. Na hedi ipimwe nyufa kabla ya kuchongwa, maana nyuma ya siti kuna njia ya maji, na mashine ikizama milimita moja zaidi unapata hedi inayovuja ambayo hakuna gundi itakayoiokoa. Hili la mwisho nimelishuhudia, na mchongaji alisema hedi "ilikuwa mbovu tangu mwanzo". Tangu siku hiyo nampa hedi mchongaji baada ya kuipiga picha pande zote mbele yake.

Baada ya siti, valvu zisagwe, hedi ifungwe, na hutasikia tena habari za risasi maishani mwako.

Zile chupa nyingine sitazipa nafasi kubwa. Ya kuongeza okteni ni ya injini zenye mgandamizo mkubwa, na magari yetu ya kale mengi ni mapole. Land Rover ya petroli ya lita 2.25 ilitoka kiwandani na mgandamizo wa 7 kwa 1, za baadaye 8 kwa 1. Magari mengi ya leo yana 10 kwa 1 au zaidi na yanakunywa petroli hiyo hiyo ya sheli bila kulalamika. Tena maandishi yake yana ujanja: "pointi" tano kwenye lebo mara nyingi ni nusu tu ya okteni moja. Baadhi zina madini ya chuma ndani, yanayopaka plagi rangi ya kutu na kuiba cheche. Ukiona plagi zako zimekuwa nyekundunyekundu baada ya chupa kama hiyo, umeshajua mwizi ni nani. Zinazodai kupunguza ulaji wa mafuta kwa robo sina la kusema juu yake ila kwamba watengenezaji wa magari wangezinunua kabla yako.

Na kama injini inagonga? Ndiyo, hapo kuna ugonjwa, ila dawa yake iko kwenye distributa. Angalia taimingi, angalia platini zisiwe zimeungua, angalia kama ule mpira mwembamba wa upepo kutoka kabureta haujapasuka. Mara nyingi gari limewekewa taimingi kwa sikio na fundi aliyekuwa na haraka ya kwenda kula. Taimingi ikiwa sawa na bado linagonga, basi jiulize juzi ulijaza wapi.

Hapo tunaingia kwenye uchakachuaji. Neno hili lilienea nchi nzima wakati wa uchaguzi wa 2010, lakini madereva walikuwa nalo kwenye mafuta, hasa petroli au dizeli kuchanganywa na mafuta ya taa yaliyokuwa ya bei ya chini. Mwaka huohuo wa 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti mafuta, ilianzisha kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochezewa yatambulike, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili tofauti ya bei isiwavute tena wachanganyaji. Tatizo limepungua sana. Halijafa, hasa kwa mafuta ya vidumu yanayouzwa kando ya barabara kwa waliokwama.

Injini ya kabureta ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu haina kompyuta ya kujirekebisha. Mafuta ya taa yana okteni ya chini mno, kwa hiyo injini inagonga. Tena hayageuki mvuke vizuri, yanapita kwenye ringi na kuingia kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili. Kiwango kimepanda bila wewe kuongeza, na ukinusa kinanuka taa? Usiwashe tena. Kipimo cha nyumbani ni karatasi nyeupe: dondosha tone la petroli, liache likauke kivulini. Petroli safi inapotea bila kuacha kitu. Yenye taa inaacha doa la mafuta. Hakuna chupa inayoweza kuyatenganisha mafuta hayo, muuzaji asikulaghai. Mwaga tanki, badili oili na filta, kisha anza upya. Dai risiti ya mashine kila unapojaza, maana siku ya kulalamika EWURA utaulizwa ulinunua wapi na lini.

Maji ni ndugu yake. Hapa pwani hewa ina unyevu mwaka mzima, na masika ya Machi hadi Mei yanapoanza kuna magari yanayopokea mvua moja kwa moja kupitia kifuniko cha tanki kilichoisha mpira. Petroli ni nyepesi, maji yanakaa chini, palepale mlija wa kuvutia mafuta ulipo. Gari linawaka vizuri, linakwenda mita mia tano, linazima kama limekatwa umeme. Toa nusu lita kutoka chini ya tanki, iweke kwenye chupa ya kioo, subiri dakika kumi. Ukiona mstari chini, umeupata ugonjwa. Kuna dawa za kunyonya maji, na wengine hutumia spiriti; kwa matone machache zinasaidia. Kwa glasi nzima ya maji fungua nati ya chini umwage, ubadilishe na mpira wa kifuniko.

Waliopaki gari muda mrefu, na wako wengi Boko na Bunju wanaosubiri pesa au watoto warudi kutoka nje, wajue kwamba petroli inazeeka. Kwenye joto letu ile sehemu nyepesi inayowasha injini asubuhi huruka ndani ya miezi michache, na inayobaki hugeuka utomvu unaoziba tundu za kabureta. Dawa ya kutunza petroli ipo na inafanya kazi, kwa sharti moja: itiwe kwenye petroli mpya siku unayolipaki gari, kisha uendeshe dakika kumi ifike hadi kabureta. Kwenye petroli iliyokwisha kuharibika ni sawa na kumtilia chumvi samaki aliyeoza.

Na hapo hapo nionye kuhusu ile chupa ya kusafishia. Kwenye gari la kisasa lenye nozeli, dawa nzuri ya kusafishia ina faida. Kwenye tanki la chuma la miaka 40 lenye kutu na tope lililotulia, dawa hiyo inaliamsha tope. Linatembea lote kwenda kabureta, na umetengeneza ugonjwa ambao hukuwa nao. Anza kwa kufunga filta ndogo ya plastiki inayoonekana ndani, kati ya tanki na pampu. Ni ya bei ndogo kuliko chupa yoyote. Ukiiona imekuwa nyekundu kwa kutu, tatizo liko kwenye tanki, nalo linatolewa, linaoshwa, linapakwa ndani.

Nisisahau joto. Gari linalozima kwenye foleni saa nane mchana, likapumzika nusu saa na kuwaka kana kwamba halikuwa na kitu, mara nyingi petroli imechemka kwenye pampu au kwenye mpira unaopita karibu na ekzosi. Watu wananunua dawa ya tatizo hili pia. Sogeza mpira mbali na ekzosi, weka kipande cha bati kama kinga, hakikisha feni na rejeta vinafanya kazi. Barabarani, tambara lililoloweshwa maji juu ya pampu linakufikisha nyumbani. Ukibadili mpira nunua wa mafuta hasa, kwa sababu ule wa maji unalainika na kumomonyoka ndani. Na anayesafiri kupitia Kasumulu kwenda Malawi akumbuke kwamba wenzetu wamekuwa wakichanganya petroli na spiriti ya miwa tangu 1982, ambayo mipira ya kale haiipendi.

Ombi langu jingine ni kwa vijana wa gereji. Acheni kunyonya petroli kwa mdomo. Ikikosea njia ikaingia kwenye mapafu inaweza kuua, na petroli iliyotiwa dawa ina madini juu yake. Pampu ya mkono inauzwa kila duka la spea.

Yule bwana wa Chang'ombe hakuondoka na jibu alilolitaka. Fundi alimfungulia kava, akapima tapeti zote nane kwa hesabu ya tisa, akaziweka inchi 0.012 na kumwandikia kwenye ganda la boksi la plagi. Mwezi uliofuata alikuwa na harusi ya dada yake Lindi. Akaambiwa atie chupa moja tu, ile ya kwanza, kwa kipimo, kwenda na kurudi. Aliporudi tulikuwepo gereji. Saba zilikuwa vilevile. Namba 8 ilikuwa imeshuka hadi inchi 0.010.

"Tunaichonga?" akauliza.

"Bado," fundi akasema, akiandika. "Kilomita elfu moja nyingine, halafu uje."

Chupa ya kusafishia kabureta ilibaki pale. Mzee anaitumia kutolea rangi kwenye spana.